Mashini ya randa na mpango wa miaka mitano: maneno yangu siku ya wadau wa chuo chetu cha ufundi, Vihiga

Tangu ile Ijumaa ya siku ya wadau nimepigiwa simu na watu wengi wakiniuliza kama yale maneno nilisema nimeyaandika mahali, manake wale waliokaa nyuma karibu na jikoni hawakusikia vizuri, spika ilikuwa inakatakata. Basi jana usiku nimekaa nikaandika vile nilivyosema, na pale nilipokumbuka kitu baadaye nimeongeza. Nilikuwa nimepewa dakika kumi na tano kama mwakilishi wa jamii kwa bodi, nikapitisha, na mwenyekiti akanivumilia, asante sana mwenyekiti.

Mulembe. Mulembe tena nyinyi mlio nyuma.

Mheshimiwa MCA, chifu wetu, mchungaji, meneja wa chuo na walimu wako, wazee wa vijiji, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi ambao ndio wenye siku. Wengi hapa mnaniita Senge, duka langu la kushona liko sokoni karibu na mashini ya kusaga, na cherehani nilijifunzia hapa hapa, kwa ile nyumba ya mabati ambayo siku hizi ni stoo. Watoto wangu wanne wamesoma kwa hiyo cherehani. Kwa hivyo mkiona sauti yangu inapanda leo msishtuke, naongea juu ya nyumba iliyonilea.

Tumeitwa kuzindua mpango mkakati mpya wa miaka mitano. Nimeusoma wote, siku tatu nilikuwa nausoma dukani wateja wakiingia na kutoka. Lakini kabla tuupigie makofi nataka tupite kwanza nyuma ya karakana ya useremala, na mkimaliza kula naomba kila mzazi aende huko ajionee kwa macho yake.

Huko nyuma kuna kitu kimefunikwa na turubai la bluu. Ukilifunua unakuta sanduku kubwa la mbao, upande mmoja mbao zimeng'olewa, nadhani zilienda kuni, na ndani kuna mashini ya randa, ile kubwa ya chuma ya kulainisha mbao, ambayo mwanafunzi angepitisha ubao wa saipresi huku ukatoka kule laini kama kioo. Meza yake ya chuma sehemu zingine bado ina ile grisi ya kiwandani, na zingine kutu imeingia hadi imekuwa rangi ya udongo wetu huu. Wiki iliyopita nilipoinua turubai nilikuta kuku amelalia mayai sita hapo karibu na mota. Waya wa stima bado umekunjwa na kufungwa na nailoni vile ulitoka dukani, hakuna mtu amewahi kuukunjua, na hii mashini iko hapo mwaka wa nne sasa.

Inataka stima ya fezi tatu na chuo chetu kina fezi moja, ile ya kuwasha taa na kuchaji simu na kuendesha kompyuta kidogo. Kuleta fezi tatu inataka laini nyingine na mita nyingine na pesa ambayo hakuna mtu alikuwa ameiweka mahali popote. Mwalimu wa useremala alijua. Alisema hata kabla mashini ifike, nimeuliza nikaambiwa alisema, lakini alisemea karakanani na wale waliokuwa wananunua walikuwa ofisini.

Sasa nilichukua ule mpango wa zamani, uko na jalada gumu na picha ya gavana na picha ya geti, nikatafuta hiyo mashini imeandikwa wapi. Nikaipata kwa yale majedwali ya nyuma. Shughuli: kuboresha vifaa vya mafunzo. Kipimo: idadi ya mashini zilizonunuliwa. Lengo: moja. Anayehusika: usimamizi na wadau. Halafu nikachukua ripoti ya mwisho wa mwaka, nikaangalia mstari huo huo, nikakuta imeandikwa imetimizwa, asilimia 100.

Wazazi wangu, hiyo ripoti haikudanganya. Mashini ilinunuliwa kweli, tenda ilitangazwa, risiti iko, hakuna mtu alikula hiyo pesa, mkaguzi akija atapata kila karatasi mahali pake. Na bado kwa hiyo miaka yote kuna vijana wamepita hapa wamemaliza useremala hawajawahi kuwasha mashini ya randa, wameenda kutafuta kazi Kisumu na Eldoret kwa karakana ambazo kila kitu ni mashini, wanaambiwa shika fagio kwanza. Ule mpango ulihesabu kununua. Ungekuwa umeandika idadi ya wanafunzi waliojifunza kupiga randa kwa mashini, mwaka wa kwanza tu jibu lingekuwa sifuri, na mtu angeuliza kwa nini, na hiyo stima tungeanza kuitafuta wakati huo.

Na kuna kitu lazima niseme nikiwa nimesimama. Kwa hiyo ripoti kuna sahihi yangu. Nilikuwa kwa bodi. Nililetewa karatasi, nikaona imetimizwa, nikaweka sahihi, tukanywa chai nikaenda nyumbani. Sikuuliza mashini iko wapi. Naomba radhi kwa wazazi, na zaidi kwa nyinyi vijana wa useremala mlioketi hapo upande wa kushoto, na wale walioshamaliza wakaondoka bila kuigusa.

Nasema haya yote kwa uchungu manake hapa kwetu ujuzi ndio shamba tumebaki nalo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 hapa Vihiga, hiyo ni zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, na nyinyi hamhitaji sensa kuwaambia, mnaona vile mipaka imekuwa majani ya chai na mstari wa migomba miwili. Babu yangu aligawia watoto wake ekari, baba yangu akagawa vipande, mimi nikitaka kugawa nitagawa nini. Mtoto akitoka hapa na ujuzi wa kweli ametoka na urithi. Akitoka na cheti tu tumemnyima urithi wake, na hakuna kesi ya ardhi atafungua airudishe.

Na sisi sio wageni wa hii kazi ya ufundi. Hapo Kaimosi mwaka wa 1902 wamisionari Wakwekari walipofika walijiita misheni ya viwanda, wakafunga maji ya mto wakaweka mashini ya kupasua mbao, wazee wetu wakajifunza useremala na uashi pamoja na kusoma. Mwaka wa 1966 baraza la makanisa likauliza kwa ripoti yake, huyu mtoto akimaliza shule ya msingi na hakuna nafasi ya sekondari anaenda wapi, na kutoka hapo ndio poli za vijiji, vyuo vya ufundi kama hiki chetu, zikaanza. Miaka ya 1970 watu wa magharibi wakauza kuku na ndizi kwa harambee ya kujenga chuo cha WECO kule Kakamega, na leo ni chuo kikuu cha Masinde Muliro. Hiki chuo chetu pia ardhi yake ilitolewa na boma mbili za hapa, matofali ya kwanza yalichomwa na wazazi. Ndio maana sikubali mtu akisema ati mzazi wa kawaida hawezi kuelewa mpango mkakati. Huyo huyo mzazi ndiye alichoma matofali.

Wengine wataniambia chuo ni cha serikali siku hizi. Ni kweli, Katiba ya 2010 kwa ile jedwali ya nne imeweka poli za vijiji mikononi mwa kaunti, na sheria ya TVET, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi, ya 2013 inataka chuo kisajiliwe na kifuate kanuni. Lakini Katiba hiyo hiyo kifungu cha 201 inasema pesa ya umma iendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji na wananchi washirikishwe. Kuwa cha serikali kumeongeza watu wa kujibiwa, hakujapunguza hata mmoja.

Sasa nirudi kwa stima, juu hapo ndio nilijifunza kitu kikubwa. Bodi ilipogundua mashini haiwaki tuliandika barua ya kuomba pesa ya fezi tatu. Barua nzuri, na muhuri. Tuliandika mwezi wa tano. Tukajibiwa kwa heshima kwamba makadirio ya bajeti yameshapelekwa bunge la kaunti, tujaribu mwaka ujao. Mwaka uliofuata tukaandika tena mwezi wa tano, kwa sababu mwezi wa tano ndio bodi ilikuwa na mkutano, mnaona hiyo hasara? Hakuna mtu kati yetu alikuwa amekaa chini akaangalia pesa ya kaunti inatembea kwa tarehe gani. Mimi nimekuja kuuliza nikaelezwa na kijana mmoja anayefanya kazi za bajeti, na nitawaambia vile alinieleza. Mwaka wa pesa wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unafika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa hivyo kama kitu chako hakijaandikwa hapo umeanza vibaya. Mwezi wa pili tarehe 28 inakuja karatasi ya mwelekeo wa fedha, kila idara inapangiwa kiwango chake. Tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yanapelekwa. Sisi barua yetu ilikuwa inafika basi likiwa limeshaondoka stendi, mwaka baada ya mwaka, na kila mara tukirudi nyumbani tunalaumu kaunti.

Kwa hivyo kwa huu mpango mpya nilipigania kitu kimoja hadi wenzangu wa bodi wakachoka na mimi: bodi ikae mwezi wa saba. Sio mwezi wa tano. Mwezi wa saba tunakaa, tunaandika mahitaji yetu, tunayapeleka kabla ya Septemba, na tunaangalia kama yanaingiana na ule mpango mkubwa wa kaunti wa 2023 hadi 2027, manake ombi ambalo halina mguu huko halitembei. Imeingia, iko ukurasa wa kumi na nane, na jina la atakayepeleka hiyo barua limeandikwa.

Hapo kwa jina niseme kidogo. Ule wa zamani kila mahali pa anayehusika ni usimamizi, wadau, wadau wote, usimamizi na wadau. Nikiuliza wadau ni nani kila mtu anaangalia mwenzake. Kwa mazishi hapa kwetu mnajua vile tunapanga, mama fulani maji, fulani kuni, fulani turubai, na jina likisomwa mbele ya watu halafu maji yakose kila mtu anajua anauliza nani. Kwa nini tunazika watu kwa mpango mzuri kuliko ule wa kufundisha watoto wetu? Sasa mpango mpya una majina, ya watu wenye mshahara na sisi wa bodi tusio na mshahara, na langu liko mara tatu.

Kuhusu pesa. Ile ruzuku ya vyuo vya kaunti ilipoanza ilihesabiwa shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Tuseme wanafunzi 100, hiyo ni milioni moja na nusu. Pesa inafuata vichwa, basi rejista ya asubuhi ndio hesabu yenyewe, na jina la kijana aliyeenda Nairobi kitambo likibaki kwa rejista hilo ni jina hewa, na jina hewa ni wizi hata kama lilibaki kwa uvivu tu. Nimeomba rejista ihesabiwe kila muhula na watu watatu, mwalimu, mzazi na mwanafunzi, wakitembea darasa kwa darasa wakiona nyuso. Halafu kuna ile pesa ya kazi za mikono, sare za shule za msingi tunazoshona, madawati, mageti ya kuchomelea. Hiyo hakuna mtu alikuwa anaitaja kwa mpango wa zamani, ilikuwa inaingia na kutoka kwa mfuko wa shati. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi dukani kwangu nikishona sare moja naandika kitambaa mita ngapi, uzi, vifungo, nani amelipa na nani ana deni, daftari la kurasa mia mbili, na mimi ni mtu mmoja na cherehani mbili.

Na msinione nasisitiza risiti bure. Dada yangu ana kijana, alikuwa anasomea ufundi wa magari, chuo kingine mbali na hapa sitakitaja. Akaambiwa alete pesa ya mtihani wa NITA, ile mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, grade tatu. Dada yangu akauza mbuzi, mbuzi jike mwenye mimba, akapeleka pesa mkononi ofisini na akapewa risiti. Hiyo risiti nimeishika mimi. Ni karatasi ya daftari ya mistari imechanwa kwa rula, imeandikwa kwa kalamu ya bluu kiasi na jina, na muhuri umepigwa kichwa chini. Siku ya mtihani kijana ameamka saa kumi usiku, amefua ovaroli, amefika, jina halipo. Wakamwambia ngoja awamu ijayo. Akangoja mara moja, mara ya pili akaacha, leo anaendesha bodaboda ya mtu. Hakuna mtu aliwahi kumwambia pesa ilienda wapi na hakuna mtu aliwahi kumwambia pole. Kwa hivyo hapa kwetu pesa yote ya mtihani iende kwa pebili, ile namba ya kulipia kwa simu, na orodha ya majina yaliyosajiliwa ibandikwe kwa mlango wa ofisi wiki mbili kabla, mzazi apite asome jina la mtoto wake kwa kidole chake.

Dira na dhamira na maadili ya msingi sina shida nayo, yameandikwa vizuri, tuendelee.

Kuna jambo lingine. Mimi na mwalimu wa uashi tulikaa jioni tatu dukani tukapigia simu vijana waliomaliza hapa, wale namba zao tulipata. Hatukuwa na fomu, tulikuwa na daftari, tunauliza uko wapi, unafanya nini, na ni kitu gani ulikuta huko ambacho hatukukufundisha. Kijana mmoja wa uashi yuko mjengo Kisumu, akatuambia jambo mwalimu akanyamaza kwa muda. Alisema hapa alijifunza kujenga ukuta kwa tope, juu saruji ni ghali na ukuta wa mazoezi unabomolewa. Mkono wake ulizoea udongo. Siku ya kwanza mjengo akachanganya karai nyingi kwa wakati mmoja vile alizoea, akajenga polepole akinyoosha, na ile saruji ikaanza kushika kabla aimalize, fundi mkuu akaimwaga akamkata pesa ya siku. Akatuambia, Senge, udongo unakungoja, saruji haikungoji.

Hiyo sentensi moja ina thamani kuliko kurasa zote za uchambuzi wa nguvu na udhaifu. Nilirudi nayo kwa bodi tukafungua rasimu, tulikuwa tumepanga kupaka rangi geti na kuweka jina la chuo kwa herufi za chuma, tukaikata, tukaweka mifuko ya saruji ya mazoezi kila muhula. Walimu wa uashi nawaona mnatabasamu. Na kupigia simu waliomaliza sasa imekuwa kazi ya kila mwaka, iko na jina la mtu na tarehe, sio mpaka mimi na daftari langu.

Mwisho kabisa ni lugha. Huu mpango umeandikwa kwa Kiingereza kitupu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Ile sheria ya kupata habari ya 2016 inasema mwananchi akitaka habari kwa ofisi ya umma anaweza kuandika ombi lake kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 kujibu. Basi kama mimi naweza kuuliza kwa Kiswahili, kwa nini nisijibiwe kwa Kiswahili bila hata kuuliza? Bodi imekubali kurasa nne za Kiswahili, kile tutafanya, lini, kwa pesa ngapi, nani. Mwalimu wa kompyuta anazichapa. Na imekubali kwamba kila mwisho wa muhula hizo kurasa zitasomwa kwa sauti mbele ya wazazi, mstari kwa mstari, na yule jina lake liko hapo anasimama anasema imefika wapi, na kama haijafika anasema kwa nini, na mzazi ana ruhusa ya kuuliza. Meneja wetu mwanzoni aliona ni kama tunamweka kizimbani, nilimwelewa. Nikamwambia mimi ndiye nitasimama wa kwanza, na mstari wangu wa kwanza ni ile stima.

Kwa hivyo hii iwekeni kichwani. Kusomwa kwa kwanza ni Ijumaa ya mwisho ya muhula huu, saa nane mchana, hapa hapa chini ya mwembe, mvua ikinyesha tunaingia ukumbini. Ombi la fezi tatu litakuwa limeandikwa na nakala yake itakuwa mezani muione, na tarehe ilipokelewa. Rejista itakuwa mezani. Daftari la sare na madawati litakuwa mezani. Mzazi aliyelipa kitu chochote mwaka huu aje na risiti yake, hata kama ni karatasi ya daftari, tutailinganisha. Na wale vijana wa useremala, kabla muende leo naomba wanne wabaki, tumhamishe huyo kuku na mayai yake taratibu, tupanguse ile mashini tuipake grisi, tuifunike na turubai lisilo na tundu.